Gunia la Dirishani

Julai, Bulongwa, hakuna atokaye jasho usiku.
Umande huganda juu ya majani ya viazi,
maji ya ndoo huota ngozi,
mbwa huingia jikoni kulala majivuni.
Mimi nililowa.
Niliikamua shuka gizani nisimwamshe mtu,
nikasema: ni blanketi, zito mno.
Usiku wa pili nikasema: ni ndoto.
Usiku wa tisa sikusema kitu.

Dawa za kufubaza nazimeza mwaka wa sita sasa,
saa mbili usiku, redio ikifungua taarifa ya habari.
Nilidhani nimeshalipa.
Nilidhani mwili huu una mdai mmoja.

Nesi Fausta aliuliza manne, akikunja vidole:
Unakohoa? Una homa? Umepungua?
Usiku unatoka jasho?
Hapo nikainama
kama mtoto aliyeitwa jina darasani.
Akanipa kikopo. "Cha asubuhi," akasema,
"kabla ya chai. Kitoke chini. Mate sitaki."
Nikaenda nacho nyuma ya zahanati, kwenye misindano,
nikajichimba kifua
kama anayechimba viazi kiangazi, jembe likigonga mawe.

Elisikia Tweve naye alipewa kikopo, mwaka juzi.
Alikitia chumvi.
Alisema mfuniko mzuri hivi, kuutemea ni hasara.
Siku tuliyomzika ukungu haukuinuka hadi saa nane,
tukaimba tumejiziba midomo kwa khanga.
Ni baridi, tuliambiana.
Chumvi ile ipo bado. Binti yake anaungia mboga.

Basi vidonge juu ya vidonge,
na mkojo rangi ya soda ya machungwa,
nikacheka peke yangu chooni, cheko la kwanza tangu mavuno.
Miezi sita, alisema Fausta. Usiruke hata siku moja.
Halafu: "Na dirisha lifunguliwe."

Dirisha!
Mama mkwe alilishindilia gunia la pareto
tangu mumewe yu hai.
"Mwezi wa saba? Huyo nesi kwao ni wapi,
Kyela, wanakolala nje na ndizi?
Nyumba hii ilijengwa ndogo makusudi,
moto usitoroke."
Sikubishana. Nilikuwa na kilo thelathini na nane,
na ubishi nao una uzito wake.

Usiku nikasikia gunia likivutwa.
Lilitoka kwa shida, kama jino,
pamoja na vumbi, na mende, na kitana kilichopotea zamani.
Upepo wa Kitulo ukaingia bila hodi.
Akanitupia blanketi lake, akaketi kando ya mafiga
mabega yakimtetemeka, akaniambia bila kunitazama:
"Baridi nimeizoea.
Nimezika wanne humu ndani. Hilo sijalizoea."

Thelathini na nane.
Thelathini na tisa.
Thelathini na tisa tena, Fausta akagonga mizani
kana kwamba kosa ni la chuma.
Arobaini na moja na nusu.
Mwezi wa tano nikapanda mwenyewe mteremko wa kisimani,
nikapumzika mara mbili tu, mara ya pili
kwa sababu ya kutazama.

Makohozi ya mwisho hayakuonyesha kitu.
Niliuliza: nimepona? Fausta akasema: hiki, ndiyo.
Kile kingine, tuonane tarehe kumi na nne kama kawaida.

Gunia nimelifua, lina viazi vya mbegu.
Dirisha liko wazi; tumelipigia wavu wa kuku,
na asubuhi hukaa kindege kifupi cha kijivu
kinachotukagua kama bwana afya.

Jana usiku mama mkwe alikohoa.
Mara mbili. Akasema ni moshi.
Leo tena.
Nahesabu kimyakimya, nikibandua maganda ya viazi.
Kwenye mkoba wangu kuna kikopo kipya,
kina mfuniko mzuri sana,
na chumvi nimeificha.