Mwanasesere wa Kumi na Tisa

Nilikuja na lenzi tatu, na mguu wa kamera,
na betri mbili kifuani zisife kwa baridi.
Chini kabisa ya mkoba, ndani ya soksi,
mwanasesere niliyemnunua kwa lari nne sokoni Kutaisi.
Jicho lake la kushoto nililing'oa mwenyewe
kwa kisu cha siagi.

La soksi sikumwambia mtu.

Geti halikuwa geti tena: nguzo mbili,
na katikati ng'ombe amesimama
ananitazama kama anayedai tiketi.
Nikampita. Novemba.
Huko chini mji wa manganisi ulikuwa unakohoa,
mji ambao theluji huanguka nyeupe
ikalala nyeusi.

Gurudumu kubwa nililisikia kabla ya kuliona.
Halizunguki, ila linasema:
nyii. Likanyamaza. Nyii.
Mzabibu umelipanda hadi kiti cha saba,
umelishika kiuno
kama mlevi anayerudishwa nyumbani na mkewe.
Magari ya kugongana yamekaa pua kwa pua,
yamenuniana, sababu yameisahau.
Farasi wa mbao kumi na mmoja;
wa kumi na mbili ni tundu la msumari.

Nikapiga. Nikapiga tena.
Kila picha ilitoka nzuri, na hapo ndipo palipo kasoro:
zote nilishaziona, wamezipiga wengine.

Basi nikamtoa soksini.
Nikamkalisha kiti cha kwanza, kichwa upande,
mkono mmoja nje kama anayeaga.
Nikapiga magoti topeni.

"Msogeze kushoto kidogo," sauti ikasema.
"Mwenzake wa mwezi jana alikaa kushoto,
mwanga ukampendeza."

Buti za mpira, sweta ya kiume, ndoo ya pumba.
Tsiala. Miaka ishirini na miwili alikata tiketi
katika kibanda ambacho leo ni cha kuku wake.
Hakucheka. Hakukasirika pia;
angekasirika ningejua pa kuanzia.

Kibandani, juu ya rafu ya bunda za tiketi,
wamepangwa mstari: kumi na wanane.
Mmoja kavalishwa barakoa ya gesi.
Mmoja kaunguzwa nywele.
Sita hawana jicho la kushoto.
"Mnapenda la kushoto," akasema. "Sijui kwa nini.
Mnakuja nao, mnawaacha, mvua ikinyesha nawaokota.
Nilimpa mjukuu wangu wawili. Mzekala akawarudisha:
bibi, hawa hawajawahi kuchezewa."

Akamwaga pumba, kuku wakanipita miguuni.

"Watoto wa hapa hawakusahau wanasesere, kijana.
Siku ya mwisho umeme ulikatika, gurudumu likiwa limejaa.
Tuliwashusha kwa ngazi ya zimamoto,
na kila mmoja alishuka na chake, hata puto.
Aliyeacha kitu ni mimi.
Foleni ilikuwa imefika barabarani, tiketi nimekwisha kata.
Nikawaambia: kesho, nitawarudishia."

Daftari lilikuwa chini ya mayai.
Majina tisini na matatu, wino wa zambarau,
arobaini na moja yamepigwa mstari.
Pesa ya siku zile ilikufa kabla ya wenyewe,
kwa hiyo analipa kwa divai,
zabibu anazichuma kwenye gurudumu,
chupa moja kwa tiketi moja.
"Wengine wako Ugiriki. Wengine wako pale,"
akaelekeza kidevu kwenye misalaba ya mlimani.
"Hao nawamwagia."

Nikauliza kama naweza kumpiga picha, na daftari lake.
"Mimi? Na hii sweta?" Akalifunga.
"Piga kuku."

Nikapiga kuku.

Kisha akanyoosha mkono, akangoja, hakusema.
Nikarudi kwenye kiti, nikamleta.
Akamfuta tope usoni kwa kidole gumba,
akamweka mwisho wa mstari,
akanimiminia nusu glasi:
chachu, nzito, na nyuma ya ulimi
ladha ya kutu.

Za gurudumu nimezifuta.
Imebaki ile ya kuku, imetikisika,
na pembeni, kama utaangalia vizuri,
kona ya daftari
na yai moja juu yake.