Nduru

Saa nane usiku, Chavakali. Stima imepotea tangu magharibi.
Asava anawaka kama jiko la mahindi pale steji,
nyayo zake zinaniunguza chini ya blanketi,
na nyanya yake ananiuliza gizani:
“Wewe unayeshinda na vichupa vya damu za watu,
huyu ana nini?”

Ana mafua, Mama. Mafua tu.
Lakini sikia vita vilivyomo.

Kirusi hakina mdomo, hakina tumbo.
Ni karatasi ya maagizo ndani ya bahasha ya mafuta.
Kinafungua seli ya koo kwa ufunguo wa wizi,
kikishaingia kinaamuru: acheni kazi zenu,
ninakilini, ninakilini, ninakilini.

Seli ile ya kwanza, Mama, mara nyingi haiponi.
Ila ndani yake mna mlinzi anayejua mwandiko wa kwao.
Akipapasa karatasi ngeni
anapiga nduru.

Wala si ya kujiokoa.
Unakumbuka kwa Mudaki, mwaka ule wa wezi wa ng’ombe?
Alipiga moja tu, wakamkata.
Lakini kabla panga halijakauka
kila boma hadi Mudete lilikuwa limeegemeza kinu mlangoni.

Nduru ya seli huitwa intaferoni.
Jina limetoka mbali; kazi yake tunaijua.
Majirani wakiisikia hawaulizi ni nani, ni wapi.
Huyu anakaza utando wake, ngozi ya ngoma juani.
Yule anatoa makasi, anakata kila karatasi,
ya adui na ya kwake pia.
Mwingine anamwaga maji jikoni:
hapikwi kitu humu leo,
si cha mgeni, si cha mwenyeji,
afadhali tulale njaa.
Na yupo mmoja (huyu nampenda)
anayengoja vitoto vya kirusi vifike kizingitini, vikitoka,
ndipo avifunge kamba mguuni
kama mbuzi wa mahari anayetaka kurudi kwao.

“Na vikiwashinda?”

Vipo vijanja, ndiyo. Vinakuja na tambara mkononi,
vinaziba mdomo kwanza, ndipo viibe.
Hivyo nimeviandika kwenye fomu za maabara
kwa kalamu nyekundu, majina ya watu tuliowajua.
Tusivitaje usiku.

“Basi huu moto?”

Moto ni nduru yenyewe, Mama.
Kutetemeka huku, viungo hivi vinavyouma,
si kirusi kinachomtafuna.
Ni kijiji kizima kimeamka
na hakuna anayenong’ona.

Akanyamaza. Nikadhani amesinzia.
Kisha nikasikia kata ikigonga mtungi.
“Aliyepiga nduru usiku kucha hukaukiwa koo,” akasema.
“Mnyanyue kichwa, uache kusomesha.”

Asava akanywa macho yamefumba.
Nusu ilimwagikia shingoni mwangu,
baridi kabisa,
na sikuipangusa.