Arobaini na Moja

Juni, Mbeya. Loleza haionekani tangu juzi,
baridi imeingia hata ndani ya glovu.
Mtoto kaletwa kutoka Igawilo, miezi saba,
mbavu zinazama kila avutapo pumzi,
kama mfuko wa rambo ulionyonywa hewa.

Dakta Subilaga anainua picha ya kifua:
peupe pale palipopasa kuwa peusi,
ukungu wa mlimani umehamia humu.
Anashika kitufe cha mashine, anakirudisha
kushoto kidogo. Halafu kidogo tena.
Nesi Lugano anamtazama: "Mbona unapunguza?"
"Pafu lenye kidonda halisukumwi. Hubembelezwa."

Kisha damu, nusu kijiko, ya utafiti.
Mama ametia dole gumba kwenye fomu,
wino umebaki kwenye pindo la kitenge.
Herufi hazijui, lakini namba anazijua;
miaka kumi anauza viazi Uyole, debe kwa debe.
Anakitazama kibandiko cha kichupa.

"Arobaini na moja. Mwanangu anaitwa Ambakisye."

"Najua, mama. Namba ni ya kwenye friji tu."

"Na huyo wa arobaini, alirudi kwao?"

Umeme unakatika. Mashine inalia kwa betri.
Huko nje jenereta linakohoa, linakohoa, linashika.
Subilaga anavua miwani, anaifuta kwa koti,
anaivaa ikiwa bado na ukungu.

"Hapana, mama.
Yeye ndiye aliyenifundisha
nisisukume."