Mfunga Milango

Kazi yangu, miaka thelathini na mmoja,
ilikuwa kufunga milango.
Si kuitengeneza. Kuifunga tu, na kusikiliza.
Gari likija kwenye mstari, bado lanuka rangi,
nainamisha sikio, nausukuma mlango kwa kiganja:
ko! namrudishia Nimai agonge bawaba;
ndu! natia alama ya chaki, linapita.
Hapakuwa na kipimo kingine. Kipimo kilikuwa mimi.

Nje ya ukuta mto Hugli ulipita na matope yake,
na ng'ambo ya mto watu walingoja.
Walingoja miaka sita, saba.
Mwalimu mmoja wa hesabu alijiandikisha mkewe akiwa mjamzito;
gari lilipotoka, mtoto alikuja naye kulichukua,
mkoba wa shule mgongoni.
Tulicheka sana siku ile.

Niseme kweli, maana siku hizi sina wa kumwogopa:
mvua za Shravan zikishika, milango yetu ilivuja.
Abiria alilowa magoti, akadhani ndiyo desturi ya mvua.
Nani angelalamika, na ushuru umesimama bandarini
kama askari, haupiti usukani wa mgeni?
Mwenye kisima peke yake haulizwi ladha ya maji.

Kisha, kiangazi kimoja, redio ya kantini
ikatangaza kwamba nchi imefungua milango.
Nimai akanigeukia, wali umemjaa mdomoni:
"Kalipada, wamekuingilia kazi."

Vikaja vigari kama mayai, vyepesi, vinang'aa.
Nikavaa shati la arusi ya shemeji, nikaenda Kolkata,
kwenye duka lenye sakafu ya kioo.
Nikafunga mlango mmoja. Nikaufungua. Nikaufunga.
"Mzee, unanunua?"
Haikuwa ko. Haikuwa ndu.
Ilikuwa sauti ya mtu anayefunga kitabu alichokimaliza.
Nilirudi kwa treni nimesimama,
na viti vilikuwepo.

Sisi tukabadilisha taa, tukabadilisha bampa,
uso ni ule ule, wanja tu umezidi.
Washauri wakaja na saa za kuhesabia pumzi zetu.
Chama kikapandisha bendera,
menejimenti ikapandisha mabega.
Siku ya Vishwakarma, mungu wa nyundo na msasa,
tunapozivika mashine mashada ya maua,
zamani peremende hazikutosha.
Mwaka wa mwisho nilibeba sinia zima nyumbani.

Tangazo lilibandikwa langoni kwa gundi ya unga.
Mbuzi wa muuza chai akalilamba, akalitafuna,
akala sehemu iliyosema "kwa muda".

Binti yangu Sharmishtha yuko Chennai, kiwanda cha Wakorea.
Anasimamia mkono wa chuma
unaofunga mlango mara laki moja, usiku na mchana,
wala hausikii kitu.
Alinipigia nisikilize.
"Bawaba ya chini," nikamwambia, "inasaga."
"Hapana, Baba. Ni simu yako mbovu."

Mwezi uliopita sauti yake ilikuwa nyingine.
Magari ya umeme ya Wachina yameshuka bandarini,
nusu ya bei, hayana hata mngurumo;
mabosi wake wanapishana koridoni na mafaili, hawasalimiani.
"Baba, ninyi mlijuaje kwamba inakuja?"
Nikatafuta jibu la baba. Sikulipata.
"Hatukujua, mama. Tulikuwa tunacheka."

Usiku, teksi ya njano ya jirani,
mojawapo ya zile zilizopita mkononi mwangu,
huingia kichochoroni na kuzima.
Dereva anafunga mlango: ko!
Anajaribu tena. Ko!
Sulekha analala. Mimi nimeshainuka nusu kitandani,
kiganja wazi, gizani,
nasubiri wa tatu.