Nusu Kichwa

Umeme wa Arua hauna adabu.
Ulikatika mashine ikiwa juu ya sikio lako la kushoto,
Candia, upande mmoja unang'aa kama kibuyu,
upande wa pili kichaka cha wiki sita.
Ukacheka kidogo. Kicheko hakikufika machoni.

Jenereta nilikuwa nayo nyuma ya pazia, na petroli lita mbili.
Sikuiwasha.
Nisamehe. Au usinisamehe.

Maana asubuhi ile uliniletea njumu zako,
zile ulizozibebea matofali Awindiri mwezi mzima,
ukasema, "Mpe mwanao, kaka Ejoyi. Mimi mpira basi."
Na wiki iliyotangulia ulimlipa muuza chapati
shilingi mia tano alizokwisha kuzisahau.
Kijana wa miaka kumi na tisa
hafungi hesabu zake kama duka linalohama.

Nilikuwa na mdogo wangu, Onzima.
Naye aligawa: redio, shati la Krismasi, kuku wake mweupe.
Tukasema, amekua, moyo wake umetakata.
Tukamla yule kuku.

Miaka minane nanyoa vichwa vya mji huu
na mkono wangu bado unakitafuta kichwa chake.

Watu husema, usiulize, utampandia wazo.
Shangazi alisema, mwalimu alisema,
hata shehe na padre walikubaliana, jambo nadra.
Lakini swali si mbegu.
Mbegu ilikwisha kupandwa, na mvua imekwisha kuinyeshea.
Swali ni jembe la palizi.

Basi nikauliza bila kuzungukazunguka,
sauti ikinikwaruza kama wembe mkavu:
"Candia, unafikiria kujiua?"

Pikipiki tatu zikapita.
Kuku akadonoa nywele mlangoni, akazitema.
Ukasema, "Ndiyo."

Halafu yakaja yote, bila mpangilio:
ada ya Ayikoru uliyoiweka kwenye mechi ukidhani itarudi mara mbili;
shamba aliloliuza baba ili usome, na matokeo yale;
usingizi uliokuhama tangu mwezi wa nne;
mjomba wako, na wanaonong'ona kwamba ukoo wenu una njia hiyo;
polisi, eti anayenusurika hufungwa;
na mwanamume halii, mwanamume halii,
na hata jina langu, ukasema, ni taabu tupu.

Sikukwambia maisha ni matamu.
Chai yenyewe tuliyokunywa haikuwa na sukari.
Sikukwambia wapo wenye shida kukuzidi.
Nilisema, "Nimesikia."
Nilisema, "Leo hulali peke yako,"
na mama yako, nilipompigia simu, hakupiga yowe;
alichopaswa kukiondoa nyumbani
alikiondoa kabla ya magharibi.

Umeme ukarudi. Hatukuujali.
Tulipanda hospitali, wewe na kofia yangu ya sufi kwenye jua lile,
kwa muuguzi Driciru, ambaye hakushangaa.
Kutoshangaa kwake ndiko kulikokupa pumzi.
Akavuta kiti. Akazima simu. Akakuita kwa jina
kana kwamba ni jina tu, la mtu tu, aliyechoka.

Sijui kama umepona. Neno hilo silipendi,
ni kama mlango uliokwisha kukomewa.
Deni lipo. Ayikoru alikununia siku nne,
ya tano akaja na enyasa ya moto, akaiweka, akakaa.
Jumamosi ya tatu hukuja:
nilimwacha mteja na povu shavuni, nikakimbia hadi kwenu,
nikakukuta unamenya muhogo,
ukanitazama kama mwehu.
Nilikuwa mwehu. Nitakuwa tena.

Njumu zimetundikwa msumarini juu ya kioo.
Mwanangu anazikodolea macho.
Namwambia zina mwenyewe.

Jumamosi, basi.
Jenereta nitaiwasha.