Mstari wa Kudumu

Taisto, ni saa tisa na robo usiku hapa Kemi,
nje nyuzi thelathini na moja chini ya sufuri,
na pampu namba nane haijibu.

Bi Saimi wa ghorofa ya tatu amepiga simu mara nne.
Ya kwanza alilalamika. Ya pili alitukana.
Ya tatu aliomba radhi kwa matusi.
Ya nne hakusema kitu, nikasikia meno.

Nimeketi kwenye kiti chako. Bado kinainamia kushoto.

Unaijua adabu ya seva hii:
haimwendei mtu bila kupiga hodi.
Kiini chake, kule chini tusikofika sisi wabofyaji,
kikiwa na neno la kupeleka kwa nambari fulani
kwanza hupaza sauti, kila mlango usikie:
Hodi wenyeji! Nani kati yenu
ni kumi, sufuri, nne, kumi na saba?
Husikia kamera ya langoni, printa yenye kikohozi,
vali, vipimajoto, kompyuta ya mhasibu iliyosinzia.
Wote husikia, wote hunyamaza,
ila mmoja:
Ni mimi. Na jina langu la chuma ni hili,
jozi sita nilizochanjwa kiwandani.
Hapigi kelele. Humnong'oneza aliyeuliza, basi.

Jibu huandikwa kwenye jedwali,
lakini kiini hakiliamini siku nzima.
Nusu dakika hivi, limeshachacha kama uji wa jana;
kikilihitaji tena, kikiona kimya, huuliza upya.
Kuuliza si ujinga: kimeumbwa na methali hiyo tumboni,
kisahau, kiulize, kisahau,
na asiyeitika mara tatu
hufutwa bila matanga.

Mimi nililaumu kadi. Ya zamani iliungua Jumanne,
mwanagenzi Eerikki akachomeka mpya, nambari ileile.
Nikabadilisha kebo. Nikazima swichi, nikaiwasha.
Nikaipiga kofi, Mungu anisamehe.
Mwisho nikafungua jedwali.

Mistari arobaini na mmoja, inachacha, inafufuka,
kama vifua vya watu waliolala.
Mmoja tu haukutikisika.
Kumi, sufuri, nne, kumi na saba,
na pembeni yake: wa kudumu.

Kwenye faili la kuwashia nikakuta maneno yako:
Usiulize tena. Huyu namjua. T.

Tangu Jumanne, basi, kiini hakijapiga hodi.
Ulikiambia unamjua, kikakutii.
Amri zote za joto, ongeza, ongeza, ongeza,
kimezituma kwa kadi iliyoungua
iliyomo ndani ya kopo la kahawa la Eerikki
pamoja na skrubu na betri zilizokufa.
Halikurudi hata neno moja,
nacho hakikushuku.

Sikulaumu. Naukumbuka msimu ule swichi ilipokuwa ikimeza majibu,
ukitoka kitandani kila usiku, theluji hadi magotini,
hadi ulipochoka, ukakiapisha kiini
kwa mkono wako. Ilifaa. Miaka kumi na minne ilifaa.

Kidole changu kilikaa juu ya kitufe muda mrefu
kuliko inavyostahili mstari mmoja.
Ulizikwa Oktoba. Kikombe chako walikichukua wanao.

Nikaufuta.

Na hapo hapo, kabla sijashusha pumzi,
hodi ikapita jengo zima, na jibu likarudi,
jozi sita ngeni, sijawahi kuziona,
zikaketi pale palipokuwa zako.
Namba nane ikaguna. Ikazunguka.

Nikampigia Bi Saimi.
"Mabomba yanagonga ukutani," akasema.
Nikamwambia ayakaribishe.

Nambari yako ya simu sijaifuta, Taisto.
Hiyo ni yangu mwenyewe,
haimpashi mtu joto, haimgandishi mtu.