Mpaka Unapita Jikoni kwa Delyth

Kazi yangu ni asilimia.
Nipe kata, nipe umri, nipe idadi ya nyumba za kupanga,
nami nitakwambia, chai kabla haijapoa,
nani atacheka usiku wa Alhamisi
na nani ataanza hotuba yake kwa "hata hivyo."
Nimekosea mara mbili tu.
Ya tatu siihesabu: ilinyesha mno siku ile.

Naishi pale Uingereza inapokwisha bila kuaga
na Wales inapoanza bila kupiga hodi.
Hakuna kizuizi, hakuna askari.
Kuna daraja la mawe, kibao cha lugha mbili,
na kondoo wa Idwal Bufton, wenye doa la buluu mgongoni,
pasipoti pekee niliyowahi kuiona ikikaguliwa hapa.

Dawa ng'ambo ile ni bure, ng'ambo hii hulipiwa.
Taka zao huzolewa Jumanne, zetu Ijumaa, zikizolewa.
Mwaka ule wa maradhi baa yao ilifungwa, yetu ikawa wazi,
na mzee Trefor akasimama katikati ya daraja,
bilauri mkononi, mguu mmoja kila nchi,
akiuliza ni upande gani wa tumbo lake
unaovunja sheria.

Nyumba ya Delyth imekaliwa na mpaka wenyewe.
Hulala Wales. Hupika Uingereza.
Anasema ndiyo maana chakula chake hakina chumvi.
Kura yake hufuata kitanda.

Halafu wakachora majimbo upya.
Bonde letu likashonwa na mji wa mbali, nyuma ya milima miwili,
mji ambao Delyth aliufikia mara moja, kung'olewa jino.
Jimbo likapewa jina refu kuliko barabara yake.
Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake;
mimi sikuwamba, niliipima ngozi tu.
Hivyo ndivyo nilivyojitetea
pale hakuna aliyenishtaki.
Ripoti yangu ilikuwa na kurasa sitini na nne.
Neno "basi" halimo.

Usiku wa kuhesabu, ukumbi wa michezo,
sakafu imejaa mistari: ya vinyoya, ya kikapu, ya mchezo nisioujua,
na makarani wakivuka yote na masanduku
kama kwamba mistari si kitu.
Saa tisa za usiku, tofauti ya kura arobaini na moja.
Watu wazima waliacha kutafuna.
Afisa msimamizi akaita mawakala kwenye meza ya kura zenye shaka,
nami nikajisogeza nyuma yao, miwani usoni.

Moja ilichorwa ua.
Moja ilitiwa alama kwa wote, kwa ukarimu.
Moja, juu ya majina yote, kwa wino wa kijani:
LIRUDISHENI BASI LA SAA TATU NA NUSU.

Naijua ile R, yenye mguu uliopinda
kama mtu anayetafuta kiatu gizani.
Nina mitungi sita ya jamu ya plamu kabatini
na kila lebo ina R ile.
Imekataliwa, akasema afisa. Mawakala wakatikisa vichwa.
Nami nikaandika, safu ya mwisho ya jedwali: moja.
Kura ni siri. Nimeitunza hadi leo,
ukiacha wewe.

Asubuhi nikapita kwake, macho mekundu.
Dirisha limefunguliwa, mkate unaungua kidogo,
redio inataja namba zangu kwa sauti ya mtu mwingine.
"Kashinda nani?" akauliza.
Nikamwambia. Nikamwambia na kwa ngapi,
nikaanza kueleza vijana, wastaafu, waliobaki nyumbani.
"Ehee," akasema, akinipa kisu na mtungi,
kisha akaburuta kiti chake kutoka Wales hadi Uingereza,
maana jua lilikuwa limehamia huko.